Nne Moja Mbili, Mara ya Kwanza

Jumatano ile, saa saba na robo mchana, fundi wa mabasi aliyestaafu alimwambia mkewe, kwa usahihi usio na dosari, jambo lililomfika asubuhi yake. Mkewe akacheka. Alicheka hadi akaweka kijiko mezani na kujifuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana ilikuwa wiki ya tano tangu mumewe aseme kitu kilichokaa sawa. Siku mbili baadaye daktari alimuuliza mama huyo swali la neno moja, "Lini?" Uhai wa mzee ulikuwa umeshikwa na jibu hilo, na jibu alikuwa nalo yeye peke yake.

Kazini walimwita Bi Namba. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa katika masijala ya hospitali, chumba cha chini ambacho madirisha yake yalitazama viatu vya wapita njia. Kazi yake ilikuwa kusoma faili la kila mgonjwa aliyetoka, kwa miguu yake au kwa kubebwa, na kuyageuza yaliyompata kuwa namba. Namba hizo zilikwenda wizarani, na huko, kwa kadiri alivyojua, zilijumlishwa na namba nyingine.

Homa ya mapafu ina namba. Mguu uliovunjika una namba mbili, ya kushoto na ya kulia. Hayo hayamshangazi mtu. Lakini kitabu cha namba kilikuwa kinene kama tofali, na waliokitunga, popote walipokaa, walikuwa wameapa kwamba hakuna balaa linaloweza kumkuta binadamu na kuwapita wao. Kulikuwa na namba ya kukanyagwa na ngamia aliyekuwa amelala. Kulikuwa na namba ya kuumia kwa kupiga tarumbeta na nyingine, kurasa mbili mbele, ya kuumia kwa kupigiwa tarumbeta na mtu mwingine. Aliyeanguka kutoka kwenye kiti alikuwa na yake, na kama kiti kina magurudumu, anahamia kwa jirani. Na kila namba ilikuwa na mkia wake, ambao karani hakuruhusiwa kuuacha: mara ya kwanza, marudio, au madhara ya baadaye. Aliyekanyagwa na ngamia leo ni mara ya kwanza. Akija wiki ijayo kubadilishiwa bendeji, ni marudio. Akichechemea miaka kumi baadaye, ni madhara.

Ijumaa saa nne, wakati wa chai, makarani wa masijala walisomeana kichekesho cha wiki. Majina ya wagonjwa hayakutajwa, hiyo ilikuwa sheria. Namba iliyoshinda ilibandikwa nyuma ya mlango. Mshindani mkubwa alikuwa mwanamume waliyemwita Mpole, mhudumu wa wodi wa zamani aliyeletwa masijala baada ya mgongo kumgomea.

"Huyu kapasuka kidevu akimkimbia nyuki," Mpole alisoma Ijumaa moja. "Kwenye bwawa la kuogelea. Amevaa viatu vya kuteleza kwenye barafu. Nimwekee namba ngapi?"

"Nyuki alimuuma?" Bi Namba aliuliza bila kuinua macho.

"Hakumuuma."

"Basi nyuki hana hatia. Weka mbili, viatu na bwawa."

"Na akili yake haina namba?"

"Hiyo daktari hakuiandika. Asichoandika daktari hakipo."

Hapo hakuwa anatania. Namba moja tu ndani ya kitabu kile ilimkera, ile ya mwisho katika kila sura, *haikutajwa*. Ilikuwa ya mafaili ambayo daktari aliandika "aliumia" akaenda kula. Wengine wakiipachika na kuendelea na maisha, yeye alilirudisha faili wodini na kikaratasi alichokichapa mwenyewe: *Daktari, haijulikani si jibu. Muulize mgonjwa. Kama hawezi kusema, muulize aliyekuwa naye.* Madaktari waliviita vikaratasi hivyo barua za mapenzi. Waliviogopa, na kwa miaka mingi hospitali ile ilikuwa na *haikutajwa* chache kuliko zote za jirani.

Nyumbani kitabu kile kilikuwa na kazi nyingine.

Mwezi wake wa kwanza kazini, akiwa bado bibi harusi, alikuwa akikisoma jikoni na wali ukaungua. Jana yake pia ulikuwa umeungua. Mumewe alirudi gereji, akanawa grisi, akaketi, akatafuna kwa muda mrefu sana. Alikuwa mtu wa adabu, asiyependa kulaumu chombo kabla ya kukichunguza.

"Hicho kitabu chako," alisema hatimaye, "kina namba ya hiki?"

Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri, hakukasirika. Alifungua akatafuta. "Nne moja mbili. Kumeza kitu kisicho chakula kwa kudhani ni chakula." Kisha, kama alivyofundishwa kumalizia, akauliza, "Mara ya kwanza au marudio?"

Mumewe aliitazama sufuria. "Marudio," alisema.

Ndoa ilijengwa juu ya hapo. Supu ikizidi chumvi: nne moja mbili. Mara ya kwanza au marudio? Marudio. Mkate wa juzi, chai iliyokaa, dawa ya kikohozi, maneno yalikuwa yale yale na jibu lilikuwa lile lile, miaka thelathini na mmoja. Binti yao wa pekee aliyajua kabla ya kujua kuhesabu. Siku mchumba wake alipokuja nyumbani na keki aliyoioka mwenyewe, fundi alionja kipande, kisha akamtazama mkewe. "Marudio?" mkewe aliuliza kwa upole, na binti akakimbilia uani ili asiaibike mbele ya mgeni.

Ugonjwa ulianza kwenye spana. Fundi aliyezijua kwa kuzipapasa akaanza kuita zote "hicho". Zikafuata sura za majirani, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha matumizi ya mlango. Bi Namba hakuruhusiwa kuweka namba kwenye faili la ndugu yake, kwa hiyo Mpole ndiye aliyeiweka, na aliiweka kwa kukwepa macho yake. Ugonjwa wa kusahau, aina haikutajwa. Kitabu kilichotenganisha tarumbeta na tarumbeta hakikuwa na la zaidi kwa mumewe.

"Vya mwisho kuondoka ni vile vya zamani," daktari wa wagonjwa hao alimweleza. "Salamu, sala, matusi, utani wa nyumbani. Usije ukaumia siku atakayosahau jina lako na kukumbuka kichekesho. Kichekesho hakina maana kwake tena. Ni mdomo tu unajiendea."

Aliyashika maneno hayo kama alivyoshika kila alichoambiwa na mtu mwenye cheti.

Akajipanga. Siku nne za wiki alikwenda kazini, na mjane wa mlango wa pili akakaa na mzee. Jumatano alibaki mwenyewe. Kila asubuhi alimtoboa kidole, akapima sukari, kisha akatoa vidonge vya siku kwenye kisanduku chenye vyumba saba na kuvipanga juu ya kifuniko chake. Ilimchukua miezi miwili kumfundisha: kilicho kwenye kifuniko kinamezwa, kwa maji, kimoja kimoja, bila kuuliza. Ni jambo la mwisho ambalo mtu yule alijifunza maishani, na alilijifunza vizuri. Mwili ulioshindwa kufunga vifungo ulimaliza vidonge vitano bila kudondosha hata kimoja.

Jumatano ile kipima sukari kilikuwa kikionyesha alama ya betri kuisha. Alifungua pakiti mpya, akatoa betri. Ilikuwa ya duara, bapa, inayong'aa, pana kidogo kuliko kidonge kikubwa. Meza yao ilikuwa imeinama upande mmoja. Ili isibingirike akaiweka pale ambapo vitu havikubingirika, juu ya kifuniko, kando ya vidonge vitano.

Simu ikalia.

"Dada, nisamehe, najua ni siku yako ya nyumbani," alisema Mpole. "Nina mtu hapa kapigwa na samaki."

"Samaki gani?"

"Mkubwa. Kapasuliwa utosi. Nimepata namba ya samaki, lakini kuna vitu vinanitatiza."

Alitoka kwenda ukumbini ili amsikie vizuri. "Samaki alikuwa hai?"

"Ndiyo hapo sasa. Ni wale wa kukaushwa, wa kutundikwa ukutani. Kamwangukia ofisini kwa bosi wake."

"Huyo si samaki tena. Ni fanicha."

"Fanicha?"

"Kuangukiwa na fanicha, mahali pa kazi. Ila muulize alikuwa amekaa au amesimama."

"Alikuwa anaomba likizo."

"Basi alikuwa amesimama."

Wakacheka wote wawili, akaagiza namba hiyo ihifadhiwe kwa Ijumaa. Simu ilichukua dakika nne. Aliporudi, kifuniko kilikuwa kitupu na glasi ya maji imeisha. Mumewe alikuwa ameweka mikono mapajani kama mtu aliyemaliza kazi. Akamsifu. Pakiti ya betri ilikuwa imefunguka, na kipima sukari kiliwaka alipokibonyeza, kwa hiyo akaamini kwamba betri ameshaibadilisha. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Saa saba na robo aliandaa supu. Mumewe hakufungua mdomo. Mate yalimtiririka kidevuni, akayafuta. Aliinua mkono, akaweka kidole kimoja kwenye kishimo kilicho chini ya koo, pale pale, kama alivyokuwa akiweka kidole kwenye injini ili mwanafunzi asikie palipogonga.

"Nne moja mbili," alisema.

Sauti ilikuwa nzito na imekwaruza, lakini ilikuwa yake. Hapo ndipo alipocheka na kuweka kijiko chini.

"Mara ya kwanza au marudio?" alimuuliza, machozi yakimtoka.

Mzee alimtazama. "Ya kwanza."

"Jamani, baba watoto. Miaka yote hii, leo ndiyo unanisamehe?"

"Ya kwanza," alirudia, na kidole kikabaki pale pale.

Alimbusu utosini. Alimpa maji, nayo yakarudi puani, akadhani ni mafua. Kisha akampigia simu binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alipokea akiwa kwenye kelele za mapumziko.

"Baba yako kasema nne moja mbili."

Binti alisogea mbali na kelele. "Kasema yote? Na marudio?"

"Kasema," alijibu Bi Namba. Maisha yake yote hakuwahi kupindisha jambo kwa ajili ya wepesi, na hili alilipindisha kwa kuwa binti alikuwa analia kwa furaha.

Alhamisi mzee hakula. Mjane wa mlango wa pili alisema koo limevimba, akamkanda kwa maji ya moto. Ijumaa saa nne, masijala, samaki alishinda bila mpinzani na kubandikwa nyuma ya mlango. Kisha Bi Namba, ambaye hakuwa na desturi ya kuleta ya nyumbani kazini, akawaeleza kwamba mumewe ameanza kutania tena. Hakuwaeleza utani wenyewe. Walimpigia makofi. Saa tano kamili mjane akapiga simu: mzee ametapika, na matapishi yana damu.

Daktari wa dharura alikuwa mtu wa makamo, mmoja wa wale waliopokea barua za mapenzi kwa miaka. Aliinua eksirei kwenye taa. Katikati ya kifua, juu kidogo, palikuwa na duara jeupe lenye ukingo wa pili ndani yake, safi kama muhuri.

"Si sarafu," alisema. "Sarafu haina ukingo wa pili. Hii ni betri. Imekwama kwenye umio, na betri ikikwama haikai kimya, inaunguza." Akamgeukia mama na binti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika akiwa na chaki mikononi. "Nahitaji kitu kimoja. Lini?"

Binti alimshika mama yake mkono.

"Niwaeleze kwa nini nauliza. Kama ni leo, naingiza mrija wa kamera, naivuta, robo saa. Kama ni jana au juzi, ukuta wa umio umeshalika, na nyuma ya ukuta huo upo mshipa mkubwa wa damu. Nikiivuta hivi hivi, naweza kuvuta kizibo. Hapo inabidi niache, nimwite daktari wa vifua, mgonjwa afunguliwe kifua. Kwa mzee kama huyu kufunguliwa nako si jambo dogo. Simfungui kwa kubahatisha."

Mpaka alipotamka neno betri, Bi Namba hakuwa ameelewa. Sasa alielewa vyote kwa mpigo mmoja: kifuniko, meza iliyoinama, samaki, kidole chini ya koo. Binti alikuwa amemshika mkono.

"Mama, kuna siku alibaki peke yake?"

Wangekuwa wao wawili tu, yeye na daktari, pengine angesema. Lakini mkono ulikuwa umeshikwa na mtu aliyelia kwa furaha Jumatano.

"Haijulikani," alisema Bi Namba.

Daktari aliandika. Wodi ilikuwa na kelele lakini kalamu yake ilisikika. "Basi nitachukulia ni leo, maana damu imeanza leo. Saa nane kasoro robo naanza. Mkikumbuka chochote kabla ya hapo, niiteni hata kwa kupiga kelele."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Alimwambia binti anakwenda msalani, akashuka masijala. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Aliketi mahali pake. Mbele yake palikuwa na mafaili sita yaliyosubiri kurudishwa wodini, kila moja likiwa na kikaratasi juu, na kila kikaratasi kilisema kitu kimoja kwa herufi alizozichagua yeye. *Kama hawezi kusema, muulize aliyekuwa naye.* Alisoma cha kwanza. Alisoma cha pili, ingawa alijua ni kile kile. Dirishani vilipita viatu vya shule, viatu vya muuguzi, magurudumu ya kitanda. Alikaa hapo dakika ishirini na saba, na baadaye, alipoulizwa na nafsi yake alikuwa akifikiri nini, hakuwa na la kutaja.

Alipopanda ngazi alipanda kwa kukimbia. Kitanda kilikuwa tayari mlangoni mwa chumba cha mrija, na mumewe juu yake, macho wazi.

"Jumatano," alimwambia daktari. "Saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Si zaidi ya dakika nne kabla ya hapo."

Daktari alimtazama kwanza yeye, kisha saa. "Nusu saa iliyopita ilikuwa haijulikani."

"Ilikuwa inajulikana."

"Nani aliyeona?"

"Hakuna aliyeona. Aliniambia mwenyewe."

Daktari alilifungua faili. "Hapa pameandikwa mgonjwa haongei."

"Anaongea namba," alisema Bi Namba.

Daktari hakuuliza zaidi. Alimzuia muuguzi aliyekuwa anasukuma kitanda, akaenda kwenye simu, akazungumza kwa sauti ya chini na mtu aliyekuwa upande wa pili wa mji.

Daktari wa vifua alifika saa kumi. Mama na binti walikaa kwenye benchi la ukumbi, chini ya bango la kuosha mikono. Kwa muda mrefu binti alikuwa akiipangusa chaki kwenye kucha zake.

"Alikwambiaje?" aliuliza.

"Aliniambia nne moja mbili."

"Ile uliyoniambia kwenye simu?"

"Ile ile."

"Lakini huo ni utani wake, Mama. Ungejuaje? Amesema hivyo maisha yangu yote."

Ulikuwa mlango wazi kabisa. Mtu yeyote angepita, na hakuna ambaye angemlaumu. Bi Namba alivua miwani ya kichwani, akaikunja.

"Nilimuuliza mara ya kwanza au marudio."

"Akasema marudio. Uliniambia."

"Nilikudanganya. Alisema ya kwanza."

Binti aliacha kupangusa kucha. Alikuwa amekulia kwenye meza ile. Hakuhitaji kuelezwa kwamba baba yake, katika milo yote aliyokula mbele yake, hakuwahi hata siku moja kusema ya kwanza.

"Alisema mara ngapi?" aliuliza, taratibu.

"Mara mbili. Na akaonyesha kwa kidole."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Binti aliinuka. Hakwenda mbali, alikwenda mpaka dirishani, akasimama akiupa mgongo ukumbi. Alikaa hivyo hadi mlango wa upasuaji ulipofunguliwa. Aliporudi aliketi kwenye benchi lile lile, lakini aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Betri ilitolewa. Waliionyesha ndani ya bakuli la chuma, imegeuka nyeusi kama kifungo cha koti la zamani. Mzee alitoka upasuaji akiwa hai, na mpira wa kupumulia mdomoni, kwa hiyo hata namba hakuweza kusema. Jumamosi saa nne asubuhi mshipa ulipasuka pale ulipokuwa umeshonwa, na hapakuwa tena na cha kufanya.

Daktari wa dharura alishuka mwenyewe kumweleza. "Ningeivuta Ijumaa kwa mrija, angeishia mle mle chumbani saa nane. Ulimwongezea muda."

"Saa ishirini," alisema Bi Namba.

Daktari alihesabu. "Saa ishirini."

"Na zile dakika nilizokaa chini?"

"Hazikubadilisha kitu. Daktari wa vifua asingefika kabla ya saa kumi kwa vyovyote."

"Na Jumatano mchana? Ningesema Jumatano mchana?"

Mtu mwingine angeambiwa hakuna ajuaye. Lakini daktari huyu alikuwa amerudishiwa mafaili yake kwa miaka kumi na minne. "Jumatano mchana tungeitoa kwa mrija," alisema. "Angelala hapa wiki moja, na kidonda. Nafikiri angerudi nyumbani."

"Asante," alisema, na aliposema hivyo alimaanisha.

Alirudi kazini baada ya siku kumi na moja. Binti hakumpinga wala kumsindikiza. Alikuwa akipiga simu kila jioni kuuliza kama mama amekula, na akishajibiwa, anakata. Nyuma ya mlango wa masijala palikuwa peupe. Mpole alikuwa ameondoa namba zote, hata samaki, na kwenye ukuta zilibaki alama za gundi. Chai ya Ijumaa ilinywewa kimya. Bi Namba alimshukuru kwa maua waliyotuma. Habari ya simu ya Jumatano, kwamba ilikuwa imepigwa saa ngapi na kilichokuwa juu ya kifuniko wakati huo, hakumwambia siku hiyo, na hajamwambia hadi leo.

Faili lilishuka kutoka wodini wiki hiyo hiyo. Lilimwangukia Mpole, kwa kuwa ndugu haandiki. Alilificha chini ya mengine siku mbili. Siku ya tatu Bi Namba, aliyeijua rangi ya kila jalada, alimwambia bila kugeuka:

"Lifunge tu, kaka. Mwisho wa mwezi umefika."

Mpole akalivuta. Alikuwa mtu mzito wa mwili, na kiti kililia alipojiinamisha kwenye kompyuta. Daktari alikuwa ameandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika: kitu, betri bapa ya kipima sukari. Mahali, nyumbani, mezani. Muda, Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwa maelezo ya mke, aliyeambiwa na mgonjwa. Katika faili zima hapakuwa na *haikutajwa* hata moja.

Alichapa nne, akachapa moja, akachapa mbili. Alijaribu kubonyeza kitufe cha kumaliza, kompyuta ikakataa. Alijaribu tena.

"Dada," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe sana. Hiki kidude hakinipitishi mpaka nijaze mkia. Na daktari kasahau kuuandika."

"Uliza."

"Najua ni upuuzi. Mtu amekufa, halafu wanauliza..."

"Uliza, Mpole. Usibahatishe."

Mpole alitazama kioo cha kompyuta, si yeye. "Mara ya kwanza au marudio?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa amesimama, viatu vyake vyeusi vimegeukiana, kama anayesubiri mwenzake. Bi Namba alisubiri mpaka viatu vikaondoka.

"Ya kwanza," alisema.

Mpole akabonyeza. Kompyuta ikalipokea faili, ikauliza kama lipo jingine.